Karafuu Huchumwa na Kikonyo Chake

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi asubuhi hapa Chake Chake mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne, walimu wao, na vijana wanaotembeza wageni. Wengi walizuiwa na mvua njiani wakaomba yaandikwe. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha. Maneno yenyewe ni haya.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu, vijana wa boti, na nyinyi wanangu wa skuli: ahsanteni kwa kuja na mvua hii. Mliosimama mlangoni sogeeni ndani, nafasi ipo, na sauti yangu siku hizi haifiki mbali kama zamani.

Naanza na swali. Nani humu ndani halijui neno 'get'? Anyooshe mkono. Hakuna. Haya, nani atanambia maana yake? Naona mikono mpaka ya watoto waliokuja na mama zao. "Kupata." Nyote mnasema kupata. Mimi nilifundishwa hivyo hivyo, na nikasomesha hivyo hivyo kwa miaka mingi.

Sasa nisikilizeni. Mzungu anasema, "I got a letter." Nilipata barua. Vizuri sana. Anasema, "I got tired." Nilipata uchovu, inakwenda, ingawa inavuta mguu. Anasema, "I got home at six." Nilipata nyumbani saa kumi na mbili? Mbona kimya? Anasema, "I got my hair cut." Anasema, "I don't get it." Anasema, "Get out!" Kupata kuko wapi hapo? Aliyefika kwake kapata nini? Anayefukuzwa kapata nini?

Neno la herufi tatu. Mtoto kalisoma tangu skuli ya msingi, na bado siku moja linaweza kusimama mbele yake asilitambue. Hilo ndilo lililonileta. Nina jambo moja tu la kusema leo, nitalisema kwa njia nyingi: neno kama hili halisomwi peke yake. Husomwa pamoja na maneno yaliyosimama nalo. Na sisi watu wa visiwa hivi kazi hiyo tunaijua tangu utotoni, ila hatukuambiwa kwamba tunaijua.

Niwape kisa.

Nilikuwa na mwanafunzi, kijana wa kijiji kimoja upande wa Micheweni. Jina lake sitalitaja. Mpole, msomaji, ana hati nzuri ya mkono. Alipomaliza skuli akaenda kwenye usaili wa kazi katika hoteli moja, nayo sitaitaja. Akaulizwa maswali, akajibu yote. Mwisho yule bosi, mgeni, akampa mkono akamwambia, "We'll get back to you on Monday."

Kijana akayapima maneno. 'Back' ni kurudi. 'To you' ni kwako. Siku ni Jumatatu. Akarudi kijijini na habari: mama, wamesema Jumatatu watakuja.

Mnamjua mama wa Pemba akiambiwa wageni wanakuja. Jumapili ua ulifagiwa mpaka mchanga ukabaki na michirizi ya ufagio. Jamvi jipya likaazimwa kwa jirani. Sheha akapewa habari, maana wageni hawaingii shehia ya watu kimya kimya. Jumatatu alfajiri mama akawasha moto, akamimina mikate, akachemsha chai ya maziwa akaitia iliki. Kijana akavaa shati jeupe akakaa barazani. Na simu yake? Simu ilikuwa dukani inachajiwa, imezimwa. Simu ya nini, na watu wenyewe wako njiani?

Wakangoja mpaka adhuhuri. Wakangoja mpaka alasiri. Chai ikapashwa moto mara tatu. Magharibi mama akawagawia mikate watoto wa jirani. Usiku kijana akaenda kuchukua simu, akaiwasha, akakuta ujumbe: tumekupigia mara mbili hukupokea, nafasi kapewa mwengine.

'We'll get back to you' ni tutakupa jawabu. Basi. Hakuna anayerudi, hakuna anayekuja.

Alinijia wiki ile ile. Hakulia. Alitoa daftari lake la Kidato cha Pili akalifungua mbele yangu. Ukurasa ule ulikuwa na orodha ya maneno: get, pata, back, nyuma, to, kwa. Na pembeni ya kila neno kuna alama ya vema kwa wino mwekundu, kwa mkono wangu. Akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Wanangu, swali lile nimelala nalo usiku mwingi. Nimekosea wapi? Hakukosea popote. Kila neno alilijua. Aliyempa maneno moja moja, yamekatwa na ndugu zao, ndiye aliyekosea, na aliyempa ni mimi.

Sasa tugeuze upande wa pili. Tumtazame mgeni naye anavyohangaika kwetu.

Nyumbani kwetu alikaa binti mmoja kutoka Ulaya aliyekuja kujifunza Kiswahili. Alikuwa na kamusi ndogo haimtoki mkononi. Siku za mwanzo akajifunza kwamba kupiga ni kumchapa mtu. Basi akakaa barazani akiisikiliza nyumba. Mama anapiga pasi. Dada anapiga deki. Baba kapiga simu Unguja. Kaka kaenda kupiga picha. Mtoto kapiga chafya. Jirani anapiga hodi. Jioni wanaume wako nje wanapiga soga, mmoja wao kachoka anapiga miayo. Siku ya tano akanijia, sauti ya chini kabisa: "Bibi, katika nyumba hii kila mtu anapiga. Kuna ugomvi?"

Watu wa nyumbani walicheka. Mimi niliuona uso wake, alikuwa na hofu ya kweli. Nikamshika mkono nikampeleka uani, mwanangu alikuwa akinyoosha nguo kwa pasi ya mkaa. Nikamwambia, usilitazame 'piga'. Litazame lililo ubavuni mwake. 'Piga' linakwambia kuna jambo linatendwa. Pasi ndiyo inayokwambia jambo gani.

Piga kura. Piga mbizi. Piga marufuku. Piga ramli. Piga randa. Piga lipu. Piga magoti. Piga moyo konde. Nani kati yenu alikalishwa darasani akasomeshwa haya? Hakuna. 'Piga mbizi' ulilisikia ukiwa pwani, unamuona mtu anazama na kuibuka. 'Piga hodi' ulilisikia ukiwa mlangoni kwa watu. Kila moja ulilipokea na mwenzake, na mahali pake, na sauti ya aliyelisema. Ndiyo maana hujawahi kukosea hata siku moja.

Na hilo kupata letu je? Hapa ndipo ninapopapenda. Kisu hiki kinapata. Kimepata nini? Hakikupata kitu, ni kikali. Shoka lile halipati, lipelekeni likanolewe. Sijapata kumuona: tangu nizaliwe sijamuona. Yamempata makubwa: hapo yeye hakupata, yeye ndiye aliyepatwa. Umepatia: jawabu lako ni sahihi. Wamepatana: kama walikuwa wamegombana, ugomvi umekwisha, kama wako sokoni, wamekubaliana bei. Neno moja, na linageuka mkononi kama samaki aliye hai. Kwa hiyo tukimwambia mtoto kwamba 'get' ni kupata, hatumdanganyi. Tunasahau tu kumkumbusha kwamba hata kupata kwenyewe si kitu kimoja.

Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, lahaja ya Unguja mjini ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki. Kipemba chetu hakikuchaguliwa, na mimi nakipenda vile vile. Lakini bahari ni moja. Mtoto aliyelelewa juu ya lugha yenye 'piga' na 'pata' za namna hii, atishwe na kitenzi cha nani?

Na nani kawaambia kwamba wenyewe Waingereza wanakiona chepesi? Mwaka 1755, huko London, Samuel Johnson alichapisha kamusi yake kubwa. Katika dibaji alilalamika kwamba lipo kundi la vitenzi lililomzidishia kazi, vitenzi vinavyotumika kila mahali na maana zake zimelegea, hazishikiki. Akavitaja: get, give, go, make, put, run, set, take, na wenzao. Huyo ni bingwa wa lugha yake mwenyewe anasema amechoka! Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la mwaka 1989, ilikipa kitenzi 'set' peke yake maana zaidi ya 430, maelezo yake yakafika kama maneno 60,000. Baadaye wahariri walipokipitia upya 'run' wakafikia maana 645. Sasa wewe mwanangu ukikosa maana moja ya 'get' kwenye mtihani, unajiita mjinga? Na mwalimu akuitikie?

Tena hilo 'get' halikuanzia Uingereza. Lilivuka bahari. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 8 watu wa Skandinavia, Waviking, walikuwa wakiingia Uingereza kwa vyombo vyao kutoka pande za Denmark na Norwei. Mwanzo walikuja kupora, kisha wengi wakabaki, wakalima, wakaoa. Katika lugha yao neno lilikuwa 'geta'. Waingereza walikuwa na ndugu yake wa zamani, lakini amejificha ndani ya maneno mengine: 'forget', kusahau, ndani yake yumo, 'beget', kuzaa, ndani yake yumo. Wageni wale wakaacha pia 'take', na 'egg', na 'sky', na hata 'they'. Fikirini: neno la kusema 'wao' limetoka kwa watu wa nje. Sisi tuliochukua meza na leso kwa Wareno, kitabu na dakika kwa Waarabu, hadithi hiyo tunaijua. Ni hadithi ya watu wa pwani popote walipo.

Hiyo 'geta' ya zamani ilikuwa ni kukifikia kitu mpaka kikawa mkononi. Ishikeni mbegu hiyo, inasaidia. Hukuwa na barua, sasa unayo. Hukuwa nyumbani, sasa upo. Hukuwa umechoka, sasa umechoka. Hukuwa umeelewa, sasa umeelewa. Mara nyingi katika 'get' pana kuvuka kutoka huku kwenda kule, kama meli ya Mkoani kwenda Unguja. Meli ile hubeba abiria, hubeba ndizi, hubeba mbuzi. Huwezi kuuliza mzigo wake ni nini bila kutazama siku hiyo kimepakiwa nini.

Kuna mahali pamoja ambapo Kiingereza kinalikodi neno hili kufanya kazi ambayo sisi tunaimaliza kwa mkia wa kitenzi. Nalisema kwa haraka, ila walimu waliandike. Mgeni akisema, "My brother got married," sisi tunasema kaoa. "My sister got married," kaolewa. "They got married," wameoana. Kwao neno moja, kwetu matatu, na anayetafsiri bila kujua nani anasemwa atamuoza mtu vibaya. Na nywele zile: mwanafunzi aliandika katika insha, "I cut my hair on Friday." Kwa Kiingereza ameshika mkasi yeye mwenyewe. Alitaka kusema kanyolewa kinyozini: "I got my hair cut." Kile kisilabi kidogo cha '-wa' chetu ndicho wanachokitafutia 'got' wao.

Sasa walimu wenzangu, hapa nawaomba masikio yote mawili.

Msimu wa karafuu, mchumaji akiwa juu ya mkarafuu, anachuma punje? Mmeshamuona mtu anachuma punje moja moja? Angeshuka magharibi na konzi moja. Anavuta tawi, anakata kishada kizima na kikonyo chake, anatia kikapuni. Kuchambua ni kazi ya nyumbani, usiku. Mama yangu alikuwa anakaa chini mguu mmoja kaunyoosha, kishada katika kiganja cha kushoto, cha kulia kinazungusha mara moja tu, karafuu zinaanguka upande huu, makonyo upande ule. Haangalii. Anazungumza na wenzake, anatuuliza nani kasali na nani hajasali, na mkono unakwenda. Harufu ile hukaa kwenye vidole siku nyingi. Mimi nikiinusa popote namuona yeye na taa ya chemli.

Kiingereza kichumwe hivyo. Kwanza kishada. Kuchambua baadaye.

Baada ya yule kijana wa Micheweni niliacha ile orodha ya neno moja na maana moja. Nilibandika karatasi kubwa ukutani, nikawaambia wanafunzi: kila wiki kila mmoja alete kishada kimoja cha 'get' alichokisikia kwa masikio yake. Kisitoke kitabuni. Alete na habari yake: nani alikisema, wapi, na nini kilikuwa kinatendeka. Tukaandika: 'get up', kuinuka au kuamka. 'Get on with', kuelewana na mtu. 'Get over', kupona, au machungu kupoa moyoni. 'Get away with', kufanya kosa ukasalimika. 'Get the door', mtu mikono imejaa mizigo anaomba umfungulie mlango. Na huku kwetu ambako wageni wanaipenda milango yetu ya nakshi, mtu anaweza kudhani anataka kuununua.

Siku moja binti mmoja ambaye mjomba wake hupeleka wageni kisiwani Misali akaleta swali lililotushughulisha kipindi kizima. Kwa nini mgeni anasema 'get in' kwa mtumbwi na 'get on' kwa meli? Chombo si chombo? Darasa likagawanyika. Wengine wakasema udogo, wengine wakasema bei. Tukakusanya mifano. Gari dogo na teksi, 'in'. Mtumbwi, 'in'. Basi, meli, ndege, 'on'. Yule binti mwenyewe ndiye aliyefumbua: kile ambacho ukiingia unakaa tu, huwezi kusimama ukatembea, hicho ni 'in'. Kile unachoweza kutembea ndani yake, 'on'. Mvulana wa nyuma akauliza, na baskeli? Baskeli ni 'on', hiyo unaikalia juu kama farasi. Mimi sikusema neno. Nilikuwa nimesimama na chaki mkononi, nafsi yangu imejaa.

Binti huyo huyo akatusimulia habari ya 'get down'. Walikuwa wanageuza tanga, foromali, ule mti unaoshika tanga, inapita juu ya vichwa, mgeni mmoja akapiga kelele, "Get down!" Baharia kijana neno hilo alikuwa analijua kwa maana ya shuka. Angelifuata, angelikuwa majini. Alhamdulillahi aliitazama foromali kabla ya kulitafuta neno, akainama.

Na akaja mvulana wa mpira. Huyu Kiingereza kilikuwa hakimwingii kabisa, Jumamosi zote yuko kwenye banda la kutazamia mpira. Akaja Jumatatu kanuna. "Mwalimu, mpira umeshaingia golini, mtangazaji anapiga kelele 'Get in!' Anamwambia nani aingie?" Nikamuuliza, alikisema kwa sauti gani? Akaisema. Darasa zima likapiga makofi, maana aliitoa kama goli la fainali. Nikamuuliza, sisi tungesema nini kwa sauti hiyo? Akafikiri, akasema, "Hilooo!" Nikamwambia basi, umepatia. Tangu siku ile alileta vishada viwili viwili kila wiki.

Wazazi, msiwazuie watoto kusikiliza. Vijana wa boti, mna darasa kubwa kuliko langu, mnakaa na wenye lugha kutwa. Usikubali kuitikia "yes" kwa neno ambalo hukulielewa. Muulize mgeni, unakusudia nini? Atakueleza, na hakuna aibu, maana yeye naye hapa anauliza bei ya urojo kwa vidole.

Nimebakisha moja, nalo ni langu.

Kuna 'got to' na kuna 'get to', na jamaa hawa wawili wanatofautiana kama mchana na usiku. "I've got to go": sina budi niende, lazima. "I get to go": nimepata nafasi ya kwenda, nimejaaliwa. La kwanza ni mzigo. La pili ni neema. Na likitajwa jambo lililopita, hili la pili nalo huwa 'got to', kwa hiyo jicho la haraka likiona 'got to' linaona lazima tu.

Kabla sijastaafu, binti mmoja mgeni aliyekuwa amesomesha nasi kwa mwaka mmoja aliniachia kadi. Nilikuwa nimewahi kumsimulia kwamba chumba nilichokuwa nikisomesha ndicho nilichojifunzia kusoma nilipokuwa mtoto, na madirisha ni yale yale. Kwenye kadi akaandika: "You got to teach in the room where you learned to read."

Nikasoma: ulilazimika kusomesha katika chumba kile ulichojifunzia kusoma. Likanichoma. Nikaona ananihurumia, kwamba dunia ni kubwa na mimi sikutoka nje ya kuta nne. Mtu niliyempikia, niliyemfunga kanga kwa mkono wangu. Nikaitia kadi chini kabisa ya kasha, sikumjibu. Ikakaa huko karibu miaka miwili.

Jioni moja mjukuu wangu alikuwa amekaa ukumbini na simu, akasoma kwa sauti ujumbe wa rafiki yake aliyekwenda baharini: "I got to see the turtles!" Nikamuuliza, kalazimishwa na nani? Akanitazama. "Hakulazimishwa, bibi. Amepata kuwaona kasa. Amefurahi."

Nikainuka. Nikafungua kasha, nikatoa kanga moja moja mpaka nikaifikia. Nikaisogeza kwenye taa.

Ulijaaliwa kusomesha katika chumba kile kile ulichojifunzia kusoma.

Maneno ni yale yale, wino ni ule ule. Nilikaa kitandani na kadi mapajani mpaka adhana ya isha. Kisha nikamwambia mjukuu aniletee karatasi na kalamu, nikaanza kumpa jawabu lake.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Sasa maswali. Tuanze na wewe binti mwenye mtandio wa kijani, mkono wako uko juu tangu tulipokuwa kwenye mtumbwi.